Forza Horizon 5: chalenji ya wiki imenigomea, hatua ya pili haihesabiki, wenye uzoefu nisaidieni

DerevaWaMbagala · Jumatatu, saa 3:12 usiku

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada maana nimekaa na hili jambo tangu Ijumaa na sioni nakosea wapi.

Mimi na mdogo wangu tunacheza Forza Horizon 5, lile gemu la magari, kwenye kompyuta moja, ina kadi ya picha ya GTX 1660 na inaenda vizuri tu, tumeinunua mwezi uliopita baada ya kuchangishana muda mrefu. Mwanzoni tulikuwa tunazurura tu na ramani ya Mexico, kupanda ule mlima wa volkano, kwenda kwenye mchanga wa Dunas Blancas, kupita Guanajuato usiku taa zikiwaka, aisee pale panapendeza mno. Sasa wiki hii ndo tumeamua kuingia kwenye Festival Playlist, ile orodha ya chalenji za kila wiki zenye pointi na zawadi, kwa sababu zawadi ya pointi 40 ni gari ambayo dogo anaitaka kuliko kitu chochote, yuko likizo, anarudi bwenini Jumamosi, na nimemuahidi kwamba ataiendesha kabla hajaondoka.

Chalenji ya wiki inataka Subaru Impreza 22B ya 1998. Sisi tulikuwa na Impreza STi ya 2005 tuliyopata kwenye wheelspin, ile bahati nasibu ya gemu, basi tukaendesha hiyo weee karibu masaa mawili hakuna kitu, baadaye dogo ndo akasoma vizuri akaniambia kaka wanataka 22B sio STi yoyote. Tukainunua, hatua ya kwanza ikapiga tiki palepale, tukafurahi.

Tatizo limeanzia hapo. Hatua ya pili wanasema ushinde mbio ya vumbi, hatua ya tatu upate Ultimate Drift kadhaa, yaani kuteleza na gari kwa ubavu kwa kiwango cha juu, ya nne ukusanye nyota kwenye kamera za spidi. Mimi nikaona drifti ndo ngumu bora nimalize kwanza, nikapanda volkano nikadrifti Jumamosi nzima mpaka vidole vinauma, Ultimate Drift nimezipata nyingi tu naziona zinaandikwa kwenye skrini, lakini ukienda kwenye menyu ni sifuri. Jana nikasema sawa ngoja nifanye mbio, nimeshinda mbio mbili za porini kabisa, vumbi tupu, matope, unaruka vichaka, nafasi ya kwanza zote mbili, na bado hatua ya pili haijapiga tiki.

Maswali yangu:
Kwanza je nimeharibu, yaani zile drifti zimepotea?
Pili hii sizoni, yaani wiki hii ya Playlist, inaisha lini hasa, mimi najua Alhamisi, ni saa sita usiku au?
Tatu, inawezekana kufika 40 bila ile The Trial, mbio za timu za mtandaoni? Nimeingia mara moja nikawa wa mwisho kati ya magari 12 na nilijisikia vibaya kwa wale wenzangu walionitegemea, sijarudi tena.

Bando langu pia sio la kuchezea, kwa hiyo nikipata njia ya kwenda moja kwa moja nitashukuru sana.

---

mwana_nakuru · Jumatatu, saa 3:47 usiku

Pole sana bro, hii kitu imetuuma wengi mwanzoni. Hujaharibu chochote, lakini zile drifti ndio, zimeenda. Hatua za chalenji ya wiki zinafunguka moja baada ya nyingine, kama hatua ya pili haijaisha basi ya tatu bado imefungwa na gemu haihesabu kitu unachofanya kwa ajili yake. Hata ungedrifti mwezi mzima. Kwa hiyo usiguse volkano tena mpaka mbio ipige tiki.

Na mbio yenyewe: ulizofanya ni Cross Country. Najua zote zina vumbi lakini kwa hii gemu ni familia mbili tofauti. Dirt Racing unafuata barabara ya murram mwanzo mpaka mwisho, kama vile rali. Cross Country unakatiza mashamba, mito, vichaka, vile umesema. Fungua ramani, ingia kwa filta, zima kila kitu ubaki na Dirt Racing peke yake, hapo huwezi kosea. Soma pia jina la mbio kabla hujaingia, limeandikwa ni ya aina gani.

Halafu ya kuokoa muda na hiyo bando yako. Ukifika kwa alama ya mbio, kabla hujaanza, kuna mahali pa kutengeneza bluprinti yako mwenyewe, yaani mbio uliyoipanga wewe. Chagua mbio ya mzunguko, weka raundi moja badala ya tatu, weka gari yako hiyo 22B iruhusiwe, hifadhi, anza. Na ugumu wa Drivatar, wale madereva wanaoendeshwa na gemu yenyewe, kwa chalenji ya wiki haujalishi, weka hata Tourist, ile rahisi kabisa, ukishinda umeshinda. Hiyo ni tofauti na zile championship za msimu, huko lazima iwe Highly Skilled kwenda juu la sivyo hupewi pointi hata ukiwaacha kilomita mbili nyuma. Usizichanganye.

Kitu kingine, usibadilishe gari katikati. Ukitoka kwa 22B ukaingia gari ingine, unachofanya hakihesabiki hadi urudi.

Na wacha niseme hili maana siwezi nyamaza mtu akitaja 22B. Hiyo gari sio Subaru tu ya kawaida. Subaru walishinda ubingwa wa dunia wa rali kwa watengenezaji miaka mitatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997, na hiyo 1997 Safari Rally hapa Kenya ilichukuliwa na Colin McRae akiwa na Impreza. Mwaka wa kabla yake alichukua Tommi Mäkinen na Mitsubishi Lancer, Kenneth Eriksson na Impreza akawa wa pili. Mzee wangu alikuwa ananisimulia jinsi walikuwa wanasimama kando ya barabara huko bonde la ufa wakisikia ile sauti ya injini boxer ikija kutoka mbali kabla hata vumbi halijaonekana. 22B ilitengenezwa 1998 kusherehekea ule ubingwa na miaka 40 ya kampuni, za Japani zilikuwa 400 pekee. Kwa hiyo hiyo mbio ya vumbi unayoambiwa ushinde, wametaka uirudishe gari mahali pake. Mimi nikiiendesha huwa naweka kamera ya ndani, natoa muziki wa redio, nasikiza injini peke yake.

---

MamaRayyan · Jumatatu, saa 4:20 usiku

Assalam alaykum. Mdogo wangu swali lako la pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa hiyo naanza nalo.

Sizoni haibadiliki saa sita usiku. Inabadilika Alhamisi saa 14:30 kwa saa za UTC, ambayo kwenu Dar ni saa kumi na moja na nusu JIONI. Mimi niko Maskati, huku inakuwa saa kumi na mbili na nusu. Ukijiambia nitamalizia Alhamisi nikitoka kazini utafungua gemu ukute wiki mpya na zawadi imeshaondoka. Mimi imenitokea, nilibakiwa na pointi mbili tu, nikakaa nafunga kipindi cha mwisho cha ile championship huku maghribi inakaribia, nikatoka kwenye mbio nikakuta orodha nzima imegeuka. Tangu siku ile kwangu mimi mwisho wa wiki ni Jumatano usiku, Alhamisi naihesabu haipo.

Kwa hiyo wewe leo ni Jumatatu, una usiku wa leo, Jumanne na Jumatano. Inatosha kabisa wala usihofu.

Sasa hesabu ya 40. Chalenji ya wiki ni pointi 5. Zile za kila siku ni pointi 1 moja, zinafunguka moja moja, zote saba ni 7. Championship huwa pointi 5 kila moja na wiki nyingi ziko tatu, hapo 15. Ukijumlisha mpaka hapo una 27. Kisha zile za kuruka na kamera za spidi na kanda za drifti, pointi 2 kila moja, zikiwa tatu ni 6, umefika 33. Kusaka hazina ni 3, ya picha ni 2, EventLab, zile mbio zilizotengenezwa na wachezaji, ni 3. Imefika 41, na The Trial hujaigusa. Wiki nyingine zinapishana kidogo, angalia skrini yako mwenyewe usichukue hesabu yangu kama ilivyo, lakini kwa kawaida njia ipo.

Ila angalia, kwa hesabu hiyo huna pa kupoteza, ukiacha hata siku mbili za chalenji ya siku tayari uko chini ya 40. The Trial ni pointi 10 kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana sikushauri uikimbie moja kwa moja.

Mpangilio wangu mimi ni huu, watoto wakishalala nina kama saa moja na nusu. Siku ya kwanza sichezi sana, nafungua Playlist nasoma KILA kitu, gari gani inatakiwa wapi, daraja gani. Mara nyingi gari moja inaingia sehemu mbili au tatu. Wakitaka Subaru kwenye chalenji ya wiki na championship mojawapo ikawa ya magari ya rali au ya Kijapani, nafanya zote kwa gari ileile nisinunue nyingine. Picha naipiga njiani nikiwa naelekea kwenye mbio, sifungi safari kwa ajili yake. Hazina nayo, wanakupa fumbo, mara nyingi jibu lake ni kufanya kitu fulani kwa gari fulani, ukilitegua ramani inakuonyesha eneo na unazunguka mpaka ulione sanduku, unaligonga basi.

Dogo mpe kazi ya picha na hazina. Macho ya watoto kwenye kutafuta sanduku ni mazuri kuliko yetu.

---

fundi_tyuni · Jumanne, saa 1:05 asubuhi

Wamekwambia vizuri hao juu, mimi naongezea upande wa gari maana naona hujasema umeifanyia nini hiyo 22B.

Kama unaiendesha ilivyotoka kiwandani kwenye vumbi utapata tabu bure. Nenda garaji, kitu cha kwanza kabisa badilisha tairi weka za rali, kabla ya injini, kabla ya turbo, kabla ya chochote. Watu wengi wakipata hela za kwenye gemu wanakimbilia nguvu, gari inakuwa na farasi 600 halafu kwenye murram inazunguka kama pia. Tairi, halafu springi za rali ziwe laini na gari inyanyuke kidogo, halafu punguza uzito, ndo nguvu inafuata mwisho kwa kile kilichobaki. Mimi yangu ya vumbi iko daraja A, imegota alama 800 kamili ambazo ni mwisho wa daraja hilo, na inatulia barabarani kama imepigiliwa misumari.

Kama hutaki kuumiza kichwa na tyuni, yaani mipangilio ya gari, ingia sehemu ya kutafuta tyuni za wengine, chuja za rali au vumbi, chukua ambayo imepakuliwa na wengi, bei ni ya zile spea tu. Hakuna aibu yoyote, wale watu wamekaa masaa wakipima na wamezitoa ili tuzitumie.

Sasa hatua ya tatu. 22B inavuta tairi zote nne na ndo maana vidole vimekuuma, gari ya 4WD inataka kujinyoosha muda wote, unaitupa pembeni yenyewe inarudi. Fanya hivi: kwenye garaji kuna kubadilisha mfumo wa kuvuta, weka iwe ya kuvuta nyuma, hifadhi kama tyuni ya pili na uipe jina lingine. Gari ni ileile, kwa hiyo chalenji inaendelea kuhesabu, umebadilisha spea tu. Mbio ya vumbi ikiisha unapakia tyuni ya drifti. Gia weka za mkono kama unaweza, ukiwa kwenye kona ukae gia ya tatu au ya nne usiiache ibadilishe yenyewe, maana ikipanda gia katikati ya kona inakata moto na drifti inakufa. Na ile msaada ya kuzuia tairi kusota izime kabisa, hiyo ikiwa imewaka hutodrifti hata ukiwa na gari ya mashindano.

Ultimate ni ngazi ya juu, inaanzia drifti ya kawaida, inakuja Great, inakuja Awesome ndo Ultimate, kwa hiyo sio kwamba unahitaji kona nyingi, unahitaji kona MOJA ndefu uishikilie. Barabara ya volkano ni nzuri kwa kufurahia ila kona zake ni za kukunja ghafla, unakatishwa. Tafuta uwanja mpana ulio wazi, pale festivali kuu kuna nafasi, zunguka kwenye duara kubwa mguu ukiwa nusu pedeli. Zunguka, nyoosha sekunde kadhaa iandikwe, anza tena. Dakika kumi umemaliza.

Dakika kumi kweli. Jana nimejaribu tena kabla ya kuandika hapa.

---

DerevaWaMbagala · Jumanne, saa 2:40 usiku

Wakuu nimesoma yote, dogo naye kasoma, tumetoka kuingia sasa hivi.

Mbio ya vumbi TIKI. Nimeweka raundi moja kama mwana_nakuru alivyosema, tairi za rali, dakika mbili na kitu imeisha. Nikaweka kamera ya ndani nikazima redio, kaka umesema kweli, ile sauti nimeisikia. Babu yetu alikuwa Arusha na yeye alikuwa anahadithia magari ya Safari yakipita enzi hizo yakikatiza mpaka Tanganyika na Uganda, sikuwahi kuielewa ile furaha yake mpaka leo.

Dada MamaRayyan, shukrani sana kwa ile ya saa, mimi nilikuwa na uhakika ni usiku. Ningempa dogo ahadi hewa.

Drifti tumegawana, yeye kapiga mbili mimi zilizobaki. Sasa tuko hatua ya nne. Tumehesabu pointi tuna 19, na kuna chalenji za siku mbili hatukufanya tukiwa bado hatujui na moja imeshatupita nafikiri. Kwa hiyo inaelekea The Trial haikwepeki, wanataka daraja B, magari ya rali ya zamani. Nani anaijua vizuri anishike mkono.

---

chalii_wa_njiro · Jumanne, saa 3:31 usiku

Mwanangu mimi The Trial naipenda kuliko kitu kingine chochote kwenye hii gemu kwa hiyo umefika pazuri.

Elewa kwanza inavyokwenda. Nyie ni sita, mnapambana na Drivatar sita zilizowekwa Unbeatable, ugumu wa mwisho kabisa huwezi kuushusha. Mbio tatu, timu ikishinda mbili imemaliza. Na kinachoshindanishwa ni pointi za timu nzima, kila mtu anapata kulingana na nafasi aliyomalizia. Sasa hapo ndo watu hawaelewi. Wewe kumaliza wa saba badala ya wa kumi na mbili ni msaada mkubwa tu, pengine ndo tofauti ya kushinda na kushindwa, huhitaji kuwa wa kwanza. Kinachoua timu ni mtu kutoka katikati, mkibaki watatu dhidi ya sita imekwisha.

Kwa hiyo usitoke. Hata ukiwa wa mwisho raundi ya kwanza baki, wenzio wanakuhitaji ufike mstari.

Daraja B na magari ya rali ya zamani: alama 700 kamili, usiingie na gari iko 640 ukidhani inatosha. Drivatar za Unbeatable zinakimbia sana mwanzoni na kwenye mistari iliyonyooka, zinapunguza mno kwenye kona, kwa hiyo wapitie wakati wa kufunga breki, kona ya kwanza kabisa usijiingize katikati ya kundi, pita nje, wataparuzana wenyewe. Ukimuona mwenzako wa timu anakuja nyuma kwa kasi kubwa mwachie njia, yeye akimfukuza wa mbele ni faida yenu wote. Mimi nikiwa na gari nzuri na naona mwenzangu wa timu amezibwa na Drivatar huwa nakaa pembeni yake ile Drivatar inakosa mahali pa kupita, yeye anaondoka. Hakuna anayenilipa kwa hilo lakini tukishinda naona fahari.

Kuhusu mtandao, kama una waya tumia waya, usicheze kwa hotspoti ya simu iliyoko chumba kingine. Seva ziko mbali na sisi kwa hiyo magari ya wengine yataruka ruka kidogo, zoea, usipite karibu nao sana. Bando lenyewe gemu ikikimbia haili sana, kinachomaliza bando ni apdeti, hizo zipakue usiku zikiwa zimetoka mapema usisubiri siku ya kucheza. Na saa, jaribu saa tatu mpaka saa tano usiku, Ulaya wametoka kazini, wachezaji wazuri wanajaa na mtu hakai muda mrefu kusubiri timu.

---

mzee_wa_horizon4 · Jumanne, saa 4:02 usiku

Naomba niseme tofauti kidogo na wenzangu, kwa nia njema.

Mdogo wangu usijibane sana kwa ajili ya hizo 40. Magari mengi ya zawadi huwa yanarudi kwenye Playlist nyingine baadaye, na mengine unayapata mnadani mtu akiuza. Nimewahi kuona vijana wanacheza hii kitu kama kibarua, hawaangalii tena mandhari, wanatafuta tiki tu, halafu baada ya miezi mitatu wameichoka kabisa wameifuta.

---

MamaRayyan · Jumanne, saa 4:15 usiku

Kaka yangu nakuheshimu na kwa mtu wa kawaida ningekuunga mkono, lakini huyu hana miezi mitatu, mdogo wake anarudi bwenini Jumamosi. Gari ikirudi mwezi wa tisa mtoto hayupo.

Halafu mimi chalenji ndizo zilizonifanya niijue ramani. Bila kuambiwa nenda kapige picha kwenye magofu ya Ek' Balam nisingefika kule, ningebaki kwenye barabara kuu na gari ileile ya kwanza. Kila Alhamisi wananipa sababu ya kuendesha gari ambayo nisingeichagua.

---

mzee_wa_horizon4 · Jumanne, saa 4:33 usiku

Hilo la mtoto kwenda bwenini nililipita, nisamehe, hapo naungana na wewe dada. Acheze apate.

Na nieleze kwa nini jina langu ni hili. Horizon 4, ile ya Uingereza, nilikuwa naifungua kila Alhamisi bila kukosa, na nilichokipenda sio zawadi, ni kwamba wiki ikigeuka kuwa winter unakuta ramani nzima ina theluji, ziwa limeganda unapita juu yake na gari. Mimi sijawahi kuona theluji kwa macho. Playlist yake ya mwisho ilikuwa Series 77, ikaisha 22 Agosti 2024, na Desemba 15 mwaka huohuo gemu ikaondolewa madukani, haiuzwi tena. Sisi tulionayo bado tunaicheza, lakini ile hali ya kungoja wiki mpya haipo. Ndiyo maana nasema endesheni taratibu, mwangalie pembeni, hizi wiki zina mwisho.

---

DerevaWaMbagala · Jumatano, saa 5:26 usiku

Nimerudi kutoa mrejesho.

Hatua ya nne tumeimaliza saa mbili usiku, kumbe nyota unaweza kuzikusanya kwenye kamera tofauti tofauti, sisi tulikuwa tunang'ang'ania moja. Championship mbili tumeshinda, ya tatu tumeiacha maana inataka gari tusiyokuwa nayo na hela zilishaisha kwenye tairi. Dogo kaliona sanduku la hazina kabla yangu, lilikuwa nyuma ya nyumba nilikopita mara nne.

The Trial. Mara ya kwanza watu wawili wametoka tukashindwa mbili bila. Mara ya pili umeme ukakatika tukiwa tunaongoza, hapo nilinyamaza tu nikakaa gizani. Ukarudi saa nne kasoro. Mara ya tatu nimefanya kama chalii alivyosema, kona ya kwanza nimepita nje, mbio ya kwanza nimemaliza wa sita, tumeshinda. Ya pili wakatushinda wao. Ya tatu nilikuwa wa tano na nyuma yangu kuna Drivatar inanisukuma raundi nzima, dogo amesimama nyuma ya kiti hapumui, kona ya mwisho nimekaa ndani nikafunga breki mapema, ikanipita kwa nje ikaenda pana sana ikagonga, nikavuka wa tano. Timu imeshinda mbili moja.

Pointi 42.

Mzee wa Horizon4, tumeipokea gari hatukuiwekea apgredi yoyote. Nimempa pedi dogo, amesema hataki mbio, ameipeleka mji wa Mulegé taratibu na sasa hivi anazunguka ufukweni jua linatua huko Mexico. Bando limebaki kidogo lakini nimemuacha aendelee.

fundi_tyuni nikuulize kitu kimoja, ile tyuni yako ya A 800 ya vumbi umeiweka wazi watu waione? Nataka tuitumie wiki ijayo.